Seva ya wakala inapokwama asubuhi: kumbukumbu ya kompyuta pepe

PETITE BARRIÈRE, Gisenyi – Maziwa na nyanya havisubiri kompyuta. Forodha ya Rwanda na ile ya Kongo zote zinatumia mfumo wa UNCTAD, uitwao ASYCUDA huku na SYDONIA ng'ambo. Lakini ankara ikichelewa kutoka, usikimbilie kulaumu forodha. Huenda tatizo ni seva ya wakala wako mwenyewe, au ya ushirika.

Siku hizi seva moja hugawanywa kuwa kompyuta pepe kadhaa: ya hesabu, ya ankara, ya nyaraka. Kila moja hudhani kumbukumbu iliyopewa ni yake peke yake. Tuseme seva ina GB 16, na fundi amezipa kompyuta pepe tatu GB 8 kila moja. Jumla ni 24! Ni kama mwenye stoo ya magunia 16 aliyewaahidi wapangaji watatu nafasi ya magunia manane kila mmoja. Mambo huenda vizuri mpaka siku wote watatu walete mzigo kwa pamoja.

Siku hiyo seva hutumia kwanza "puto", mbinu iliyoelezwa na Carl Waldspurger wa VMware mwaka 2002. Programu ndogo ndani ya kompyuta pepe huomba kumbukumbu, kisha huikabidhi kwa seva. Ili kuitoa, kompyuta pepe huhamishia vitu visivyotumika kwenye faili lake la swapu, yaani sehemu ya diski inayoshika nafasi ya kumbukumbu. Yenyewe ndiyo ichaguayo, nayo inavijua vitu vyake.

Puto lisipotosha, seva huhamisha kwa nguvu, kwenye faili lake yenyewe. Hapo ndipo balaa, kwa kuwa seva haijui kilichomo ndani ya gunia. Yaweza kuitoa ankara ya leo na kuiacha ripoti ya mwaka jana. Kibaya zaidi, gunia lililokwisha pelekwa ghala la Musanze hurudishwa Gisenyi kwa sababu mpangaji naye ameamua kulipeleka ghala lake. Safari mbili za bure.

Na safari hizo ni ndefu. Kumbukumbu hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi. Diski ya SSD ni nafuu, lakini bado iko mbali sana.

Basi mwulize fundi wako: jumla uliyoahidi ni kiasi gani, na asubuhi yenye shughuli hutumika kiasi gani hasa? Kompyuta pepe ya ankara itengewe kumbukumbu isiyoguswa. Kwenye VMware, ukitenga yote, faili la swapu la seva kwa kompyuta hiyo hubaki sifuri. Na asiondoe programu ya puto akidhani inakula kumbukumbu.