Ukunga au Fiziotherapia: Unastahimili Muda wa Namna Gani?

Mtoto amezaliwa, halii. Mkunga ana sekunde 60 za kumkausha, kumsugua mgongo na, asipopumua, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Ikipotea, wapo watoto wanaokufa, na wapo wanaobaki na mtindio wa ubongo. Hawa ndio watakaopelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, awafundishe kukaza shingo, kisha kukaa, kisha kusimama. Hiyo ni kazi ya miezi, mara nyingi ya miaka.

Kijana wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, anayetaka kuchagua kati ya kazi hizi mbili huuliza kwanza mshahara. Mimi ningemuuliza anastahimili muda wa namna gani.

Mkunga hufuatana na saa. Uchungu ukishakolea husikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa na kuandika kwenye patografu, maana mstari wa karatasi hiyo ndio unaomwambia kama njia inafunguka inavyopaswa au mama apewe rufaa mapema. Mama akijifungua na damu ikapita nusu lita, hasubiri mtu: oksitosini, kukanda mji wa mimba, dripu, simu ya gari la wagonjwa, vyote kwa pamoja. Katika zahanati ya kijijini usiku, huenda hakuna mwingine wa kumsaidia. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, lakini mikono ya wakunga imo.

Fiziotherapia wengi huiona ni kuchua tu. Kuchua ni sehemu ndogo. Mtaalamu hupima msuli upi umelegea, kiungo kipi kimekakamaa, kisha hupanga mazoezi ya mzee aliyepatwa na kiharusi Mombo au ya kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabara ya Segera. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, kwa njia ya Ponseti, hubadilishiwa plasta kila wiki kwa wiki kadhaa, halafu huvaa viatu vilivyoungwa kwa fimbo, na usiku huendelea kuvivaa kwa miaka. Mzazi akichoka, akavitupa uvunguni, mguu hupinda tena. Kwa hiyo mtaalamu asiyejua kuzungumza na mama, bibi na baba wa mtoto hatafika mbali, hata awe amefaulu vipi darasani.

Handeni inaijua kazi hii tangu zamani. Kwamkono, penye Hospitali ya Mtakatifu Francis, masista wa Kianglikana walianzisha bweni la watoto waliopooza kwa polio. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana 1996. Ulemavu mwingine haukwenda nayo.

Kwa masomo, ukunga uko karibu na nyumbani: vyuo vya uuguzi vipo Korogwe na Handeni, stashahada ni miaka 3, uuguzi na ukunga husomwa pamoja, na leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wavulana pia husomea. Anayetaka fiziotherapia huenda mbali zaidi, kwa mfano hospitali ya KCMC, Moshi, penye stashahada na shahada ya miaka 4. Kote huko baiolojia, kemia na fizikia hazikwepeki.

Ajira nazo hazifanani. Mkunga anahitajika hadi zahanati ya mwisho. Fiziotherapia huanzia hospitalini. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, na mama mwenye mtoto wa miaka mitano asiyetembea humbeba mgongoni. Kwa maoni yangu, kijana mwenye subira ndefu akisomea fiziotherapia na kurudi huku, atawafaa watu wasio na wa kumkimbilia. Lakini asiichague kwa sababu tu anaogopa damu na zamu za usiku.

Kabla ya kujaza fomu, nenda hospitali ya wilaya, kama Magunga pale Korogwe, uombe ruhusa ya kuzungumza na wahusika wa idara zote mbili. Kisha tafuta jina la chuo katika mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi. Kama halimo, usilipe hata shilingi.