Seiko 5 ya Zamani: Soma Mgongo Kabla ya Uso

Anayetafuta saa yake ya kwanza ya zamani ya Kijapani mara nyingi huishia kwenye Seiko 5. Zilianza kuuzwa mwaka 1963, zikatengenezwa kwa wingi, na nyingi zinatembea hadi leo. Wanunuzi huvutwa na uso unaong'aa. Ushauri wangu: igeuze kwanza.

Mfuniko wa nyuma una namba mbili. Tuseme moja ni 6119-8083, na nyingine inaanza na 1N. Tarakimu 6119 zinataja aina ya mashine iliyomo ndani; 1 ni mwaka unaoishia na moja, na N ni Novemba. Mashine hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, hivyo saa hiyo ilitengenezwa Novemba 1971. Sasa tazama maandishi madogo chini kabisa ya uso. Nayo kwa kawaida huwa na 6119. Yakikosekana, au herufi zikiwa nene na zimepinda, huenda uso huo umepakwa rangi upya.

Ndani hamna betri. Kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara huzunguka kila unapochezesha mkono, kikisogeza wenzo mdogo wenye ncha mbili. Ncha moja huvuta meno ya gurudumu, nyingine huyasukuma. Basi chuma kizunguke kulia au kushoto, gurudumu huenda upande mmoja tu na kukaza springi. Seiko waliubuni wenzo huu mwaka 1959, na uchache wa vipande vyake ndio siri ya uimara wake.

Springi hiyo huendesha gurudumu linaloyumba huku na huku mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Mafuta yakikauka, chuma hulika. Siku ina sekunde 86,400; saa ya umri huu ikipotea kwa sekunde 20 tu, bado ni nzima. Ikianza ghafla kukimbia kwa dakika kadhaa, huenda imeshika sumaku, na fundi saa huiondoa upesi.

Tenga fedha za kuisafisha na kuitia mafuta, na usiogelee nayo, maana mpira wa mfuniko umeshazeeka. Mikwaruzo ya kioo isikutishe, kwani kioo hubadilishwa. Uso wa asili ukishafutwa haurudi tena, kwa hiyo chagua uliochakaa lakini wa kweli.