Jua, chai na picha ya Kogo

Simu yako ikiibwa leo, utabaki na picha ngapi za nyanya yako? Mimi nilibaki bila hata moja. Kogo alifariki mwaka ule nilioacha chuo kwa kukosa karo. Miezi miwili baadaye simu ikaenda, na picha zake zote zikaenda nayo. Kilichobaki ni negativu moja ndogo ndani ya Biblia yake.

Hapo ndipo nilianza kusaka mbinu ya zamani inayoitwa sayanotaipu. Mwingereza John Herschel aliivumbua 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuchapisha nayo picha za mimea ya baharini. Baadaye mainjinia wakaitumia kunakili michoro yao, ile ya bluu yenye mistari myeupe.

Haitaki stima wala kamera. Unachanganya dawa mbili, feriki amonia sitreti na potasiamu ferisianidi, unapaka karatasi ukiwa gizani, unaiacha ikauke. Weka jani juu, funika kwa kioo, toa juani dakika 10 hadi 20. Hapa Kipkelion mvua ya alasiri huijui? Anza saa nne asubuhi! Kisha suuza kwa maji hadi umanjano uishe. Palipopigwa na jua panakuwa bluu, palipofunikwa panabaki peupe. Ila vaa glavu, usitumie sufuria ya jikoni, na usichanganye dawa hizo na asidi.

Sasa utamu wenyewe. Chovya picha kwenye maji ya magadi, bluu inafifia. Halafu iloweke kwenye chai kali ya rangi. Tanini ya chai inashikana na chuma kilicho kwenye picha, na rangi inarudi, safari hii kahawia iliyokolea.

Kogo alichuma chai maisha yake yote. Picha yake niliitoa hivyo hivyo, kwa chai. Ni ndogo, inazidi stempu kidogo tu, lakini kitambaa chake cha kichwa kinaonekana.

Jumamosi huwa nafundisha watoto wa jirani kwa majani ya chai na vipande vya vioo. Mmoja aliniuliza, "Hii inaisha chaji?" Nikamwambia hapana, ila usiianike juani kila siku, itapauka.

Leo jioni fungua lile sanduku la zamani nyumbani kwenu. Ukipata negativu, usitupe. Muulize mama huyo ni nani, kabla hajasahau.