Nani Afungue Mlango wa Masomo Mapya?

Kila mwaka, majuma machache kabla ya masomo kuanza, kuta za Lubumbashi hujaa matangazo. Chuo hiki chatangaza masomo ya kompyuta, kile chatangaza masomo ya uongozi wa kazi, na kingine masomo ya madini au ya mazingira. Majina ni mazuri, nayo yameandikwa kwa herufi kubwa. Lakini, wasomaji wapenzi, ni mara chache mno tunaona tangazo linalotaja ni nani aliyekubali masomo hayo yafunguliwe, na alipoyakubali alitazama nini. Twataka kulieleza shauri hilo leo, kwa sababu kijana anayejiandikisha hatoi minervali tu. Anatoa miaka mitatu au mitano ya ujana wake, na miaka hiyo hakuna ofisi iwezayo kuirudisha.

Hata Universite ya mji wetu ilikuwa changa siku moja. Iliundwa mwaka 1955, ikaanza kufundisha mwaka 1956, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, nayo ilikuwa ya Serikali, kwa ajili ya Kongo ya Kibelgiji pamoja na Ruanda-Urundi. Dada yake Lovanium, iliyo ya Wakatoliki, ilikuwa imetangulia mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Siku zile shauri la kufungua masomo fulani au kuyaacha lilikatwa na Wabelgiji. Walimu karibu wote walitoka kwao, na sheria za diploma zilifuata zile za kwao. Wakubwa hao walitaka diploma ya Kongo iwe na uzito uleule wa diploma ya Ubelgiji, ili mtu yeyote asiweze kuidharau.

Nia hiyo ilikuwa njema, wala hatutaki kuwacheka. Lakini kipimo kikiwa mkononi mwa mtu mmoja tu, chaweza kufunga mlango kama kinavyoweza kuufungua. Masomo ya sheria, kwa mfano, yalichelewa. Huko Lovanium fakulte ya sheria haikuanza pamoja na nyingine za kwanza, bali mwishoni mwa miaka ile ya 1950, Uhuru ukiwa umekaribia sana. Matokeo yake kila mtu aliyaona tarehe 30 Juni 1960: nchi kubwa namna hii ikaanza kujitawala bila mahakimu na mawakili wazalendo waliosomea kazi hiyo katika Universite. Thomas Kanza, mlei wa kwanza Mkongo kupata diploma ya Universite, aliipata mwaka 1956 tu, tena huko Louvain, Ubelgiji. Yatupasa kukumbuka kwamba Padre Stefano Kaoze alipata upadre tangu mwaka 1917, na kwamba seminari kubwa zilikuwa zimekwisha kulea mamia ya mapadre wazalendo kwa masomo marefu ya falsafa na teolojia. Basi hawakukosekana vijana wenye akili ya kusoma mambo magumu. Kilichokosekana ni idhini.

Mfano wa waganga unauma zaidi. Kwa miaka mingi Serikali ya Ubelgiji ilikuwa ikiwafundisha vijana kazi ya msaidizi wa daktari. Walisoma sana, wakapima wagonjwa, wakatibu watu katika hospitali za mbali ambako daktari alipita kwa nadra. Lakini masomo yao hayakupewa jina wala daraja la Universite, na kwa hiyo siku ya Uhuru Kongo haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka mwaka 1960, Shirika la Afya la Dunia lilipeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa, wakamalizie masomo na kurudi madaktari. Watu walewale, vichwa vilevile! Tofauti ilikuwa miaka michache ya kuongeza elimu, na karatasi iliyokubaliwa na wenye mamlaka. Asiyeona uzito wa kukubali masomo na kuyapa daraja lake, na awatazame hao.

Baadaye ikaja siku ambapo amri haikutoka ng'ambo, bali Kinshasa. Mwezi wa Agosti 1971 Serikali ya Mobutu iliunganisha Universite zote tatu za nchi, yaani Lovanium, ile ya Lubumbashi, na ile ya Waprotestanti wa Kisangani, zikawa Universite moja ya Taifa. Rekta wake alikuwa Askofu Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi hapa karibu nasi, ambaye alikuwa rekta wa Lovanium tangu mwaka 1967. Fakulte zikagawanywa kwa miji. Sheria na uganga zikakusanywa Kinshasa, elimu ya malezi na ya kilimo ikapewa Kisangani, na Lubumbashi ikapokea lugha, falsafa, historia na elimu ya jamii. Wanafunzi na walimu wakafunga mizigo. Kijana aliyeanza uganga hapa kwao, akila mezani kwa mama yake, akajikuta yampasa kwenda kutafuta kitanda mahali palipo mbali zaidi ya kilometa 1,500.

Tuseme kweli: Lubumbashi haikukosa faida. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alikuja na fakulte ya lugha, akawa mkuu wake, na kwa miaka kadhaa mji wetu ulijulikana mbali kwa elimu hiyo. Lakini faida hiyo haikuondoa kasoro ya njia yenyewe. Mabaraza ya fakulte, ambayo yajua ni walimu wangapi wapo, ni vitabu gani vipo, na wanafunzi wamefika wapi katika masomo yao, hayakuwa na neno la mwisho. Hatimaye Serikali yenyewe ilibadili shauri, na mwaka 1981 Universite ya Taifa ikagawanyika tena, Lubumbashi ikapata kujiongoza. Leo sheria na uganga zafundishwa hapa kama zamani.

Na teolojia? Mwaka 1974 iliondolewa katika Universite ya Taifa. Haikufa, kwa maana Kanisa lilikuwa na walimu wake, vitabu vyake na kipimo chake, likaendelea kuifundisha, na fakulte hiyo ndiyo shina la Universite Katolike ya Kongo iliyoko Kinshasa.

Sasa tueleze jinsi masomo mapya yanavyopaswa kuzaliwa katika Universite iliyo na taratibu. Mwanzo ni katika idara, ambamo walimu wa elimu moja huandika shauri lao. Waonyesha haja ya masomo hayo, mafundisho ya kila mwaka na saa zake, nani atafundisha lipi, na kwa vyombo gani. Shauri lapanda hadi baraza la fakulte, chini ya mkuu wa fakulte. Hapo wenzao wa idara nyingine huuliza maswali makali, maana fedha na vyumba ni vya wote. Likipita, lafika kwa halmashauri ya uongozi, yaani rekta na makatibu wakuu wake pamoja na msimamizi wa fedha, na kwa baraza la Universite, wanamokaa wakuu wa fakulte na wajumbe wa walimu. Mwisho lapelekwa Kinshasa kwa Waziri wa Elimu ya Juu, naye ndiye mwenye kutia sahihi. Vyuo visivyo vya Serikali navyo, ambavyo vimeongezeka sana tangu viliporuhusiwa mwaka 1989, vyahitaji ruhusa ya kufanya kazi, na diploma zao zahitaji kuthibitishwa na Serikali.

Wengi hulalamika kwamba njia hii ni ndefu. Ndiyo, ni ndefu, tena yaweza kuchosha, hasa karatasi ikilala miezi katika meza moja huko Kinshasa. Lakini sisi twaona kwamba hatari kubwa zaidi haiko mwisho wa njia, bali mwanzo wake. Sahihi ya Waziri haimpi mwalimu elimu asiyo nayo, wala haijengi chumba cha kupimia mawe. Baraza la fakulte ndilo lililo karibu na kweli. Likinyamaza kwa kumwogopa mkubwa, au likikubali kwa sababu wanafunzi wapya wataleta minervali, hakuna mwingine mbele yake atakayejua kasoro mapema. Na kusema "bado" katika baraza kwahitaji moyo. Anayesema hivyo huonekana adui wa maendeleo, kumbe anamlinda mtoto wa mtu asiyemjua.

Tumfikirie baba mmoja wa Katuba ambaye amelipa miaka mitano katika chuo fulani. Binti yake amemaliza, wamechinja kuku, jamaa wamekuja na vitenge. Kisha binti aenda kutafuta kazi, na karani amwambia, "Dada, diploma hii haijathibitishwa. Masomo hayo hayamo katika yale chuo chenu kilichoruhusiwa kufundisha." Baba akienda chuoni, aambiwa, "Subiri, papa, barua iko Kinshasa." Atasubiri mpaka lini? Binti hakuiba, hakudanganya, na mitihani aliifanya. Kosa lilifanyika miaka mitano nyuma, katika chumba ambamo yeye hakuwamo.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 shauri hili limekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa Serikali iliagiza mpango mpya wa madaraja matatu: lisansi, masta na udaktari. Mpango huo wafuata ule ambao nchi za Ulaya zilianza kupatana juu yake huko Bologna mwaka 1999. Lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, na masta ni miaka miwili yenye krediti 120. Krediti ni kipimo cha kazi yote ya mwanafunzi, saa za darasani pamoja na zile za kusoma peke yake. Zamani tulikuwa na gradua ya miaka mitatu, na juu yake lisansi ya miaka miwili. Basi katika nyumba moja kaka mkubwa ana lisansi ya miaka mitano, na mdogo wake ana lisansi ya miaka mitatu, na neno ni lilelile! Mwenye kuajiri asiposoma tarehe, atawachanganya. Tena kila idara imelazimika kuandika upya masomo yake yote, hata yale ya zamani, na kuyapitisha katika mabaraza. Wako waliofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Wako pia waliobadili majina tu, wakaandika krediti pembeni mwa masomo yaleyale, na daftari za mwalimu ni zile za miaka ishirini iliyopita.

Neno moja tena, juu ya vyuo vichanga zaidi. Universite ya Lubumbashi imekwisha kuzaa watoto: vyuo vya Kolwezi na Likasi, ambavyo vilianza kama matawi yake, leo vyajiongoza vyenyewe. Twafurahi, maana kijana wa Kolwezi hana lazima tena ya kupanga chumba huku. Lakini walimu wenye udaktari ni wachache, nao husafiri. Mwalimu mmoja hufundisha Lubumbashi juma hili, Likasi juma lijalo, na Kolwezi likizoni, akimaliza kwa siku nne mafundisho yaliyopangiwa miezi. Jina lake laweza kuonekana katika mashauri ya masomo mapya ya vyuo vitatu, na kila baraza lahesabu kwamba linaye. Kwa karatasi, walimu ni watatu. Kwa basi la Likasi, ni abiria mmoja.

Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto kujiandikisha asione haya kuuliza katika ofisi ya fakulte: amri iliyoruhusu masomo haya ina namba gani na tarehe gani? Je, wako waliokwisha kumaliza hapa, na diploma zao zimethibitishwa? Walimu walioandikwa hapa, ni wangapi wanaokaa katika mji huu? Na chumba cha kazi za mikono kiko wapi, tukaingie tukakione?