Mtoto mwenye pumu wakati wa baridi

Mama, mwezi wa sita umefika, na baridi pamoja nao. Hapa Likasi mvua imekatika, barabara za Kikula na Panda ni mavumbi matupu, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Jioni unafunga mlango, unafunga madirisha, unaziba hata tundu kwa kitambaa. Halafu usiku wa manane mtoto anaamka, kifua kinapiga filimbi, hapati pumzi. Unasema: «Ni baridi tu.» Baridi ina sehemu yake, ndiyo. Lakini mara nyingi adui tumemfungia ndani pamoja na mtoto.

Pumu ni nini? Ndani ya kifua kuna njia ndogo za pumzi. Kwa mwenye pumu njia hizo ni rahisi kukasirika. Zikiguswa na moshi au mavumbi, zinavimba, zinajikaza, zinajaa makohozi. Si uchawi, wala haiambukizi.

Tuanze na mbabula, maana ndiyo mbaya kupita yote. Mama wengi wanaiwasha inje, na makala yakiisha kuwa mekundu wanaiingiza chumbani. «Moshi imekwisha,» wanasema. Moshi wa kuonekana, ndiyo, umekwisha. Lakini makala mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo inaweza kuua wote waliolala, hata wasio na pumu, na hakuna atakayeamka kuita jirani. Kwa hiyo mbabula isiingie chumbani, hata kwa saa moja. Najua utaniuliza: «Sasa mutoto atapata joto wapi?» Mvalishe soksi, kofia na triko. Tia maji ya moto katika chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, uiweke kitandani. Mtoto akipanda kulala, uiondoe.

Baba mwenye kuvuta tumbako avutie inje, mbali na mlango. Na ile dawa ya mbu ya kuchoma, moshi wake ni moshi tu: chandarua ni bora.

Sasa blanketi. Tangu mwaka jana limelala ndani ya sanduku. Katika blanketi na godoro wanaishi vidudu vidogo, macho hayawezi kuviona, na uchafu wao unaamsha pumu. Ufue kwa maji ya moto sana, uanike juani mpaka likauke kabisa. Godoro nalo litoke inje kila juma. Ukifagia, nyunyiza maji kwanza, na mtoto awe inje. Saa sita mchana, jua likiwa kali, fungua madirisha yote.

Kama munganga amempa mtoto salbutamol ya kuvuta, mtoto mdogo hawezi kuivuta peke yake. Chukua chupa tupu ya plastiki ya nusu litre, safi na kavu. Toboa kitako chake kwa kipimo cha mdomo wa pompi, uingize pompi humo. Mtoto aweke mdomo wa chupa kinywani, ubonyeze mara moja, naye apumue polepole mara tano au sita. Siku ya kupima watoto, lete chupa hiyo, muuguzi aitazame.

Lakini mtoto akishindwa kusema au kunyonya, mbavu zikiingia ndani akipumua, midomo ikigeuka rangi ya bluu, mpe dawa yake na umlete hospitali palepale, hata kama ni saa nane za usiku.