Nasaba ya Waturkana na Unyayo wa Nayeche

Mwalimu anapomwagiza mwanafunzi wa Namoruputh achore mti wa ukoo wake, aghalabu humpa kielelezo kilichobuniwa kwingine: jina la baba, la babu, la baba wa babu, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Mtoto hujaza nafasi mbili au tatu, kisha hukwama. Hapo huhukumiwa kuwa hajui alikotoka. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ni ya haraka mno.

Mmarekani anayetafuta chimbuko la familia ya walowezi wa kwanza ana sensa zilizoanza mwaka 1790, hati za ardhi na Biblia za nyumbani zilizoandikwa majina ya waliozaliwa na waliokufa. Kwenye mwambao wetu zipo shajara za masharifu. Turkana hali ni nyingine. P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya Wajie na Waturkana, alibainisha kwamba nasaba za majina miongoni mwa Waturkana ni fupi. Je, watu hawa walikosa kumbukumbu? La hasha! Waliihifadhi penginepo.

Waliihifadhi katika ngozi ya mnyama. Kila ukoo, yaani ateker, una chapa yake ya kuchomea mifugo, na mwanamke anapoolewa huingia katika ukoo wa mumewe. Aidha, kila mwanamume huzaliwa katika mojawapo ya makundi mawili, Ngimor (mawe) au Ngirisai (chui). Mwana haingii kundi la baba yake. Huingia la babu yake. Hivyo kijana asiyekumbuka jina la babu ya babu yake anajua bila kusita alikuwa wa kundi gani. Ni sarufi kamili ya vizazi, nami kama mwanaisimu naistaajabia.

Na mlowezi wa kwanza? Mapokeo yanamtaja mwanamke, Nayeche, aliyetoka nchi ya Wajie, Uganda ya leo, akateremka mashariki hadi bonde la mto Tarach, mto uleule upitao Kakuma. Huko aliishi kwa matunda ya mwituni, akiwa na fahali wa kijivu aliyepotea. Vijana waliofuata nyayo za fahali huyo walimkuta, wakaona neema ya nchi, na baadaye wenzao wakahamia huko na mifugo yao. Mlima Moru Anayeche ungali na jina lake. Mwanahistoria John Lamphear ameyachukulia mapokeo haya kwa uzito unaostahili, bila kudai kwamba kila tukio lilitokea kama linavyosimuliwa.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Mturkana na Mjie husikilizana bila mkalimani. Fahali aliyehasiwa ni emong kwa Mturkana, kwa Mkaramojong, na hata kwa Mteso wa mbali. Maji ni ngakipi Turkana na akipi Teso. Maneno ya msingi kama haya hayaazimwi ovyo sokoni. (Ndiyo maana hunikera kusikia Kiturkana kikiitwa lahaja, kana kwamba sarufi yake haikuwahi kuandikwa, Gerrit Dimmendaal aliichapisha mwaka 1983.)

Si suala la darasani tu. Pale Lokiriama, kuelekea mpaka wa Uganda, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walizika silaha mwaka 1973 na kufanya amani ambayo imeadhimishwa mara kwa mara tangu hapo. Anayejua kwamba aliye ng'ambo ya mpaka anamwita Mungu Akuj kama yeye, na kwamba wazee wao huenda walikunywa kisima kimoja, ana sababu ya kusita kabla ya kwenda kupora ng'ombe wake.

Basi, walimu wenzangu, kielelezo kile kibadilishwe. Mwanafunzi atumwe kwa bibi yake na maswali mengine: chapa yetu ni ipi, nayo huchomwa upande gani wa mnyama? Babu alikuwa jiwe au chui? Kabla ya hapa tulichota maji wapi? Achore chapa hiyo daftarini, kisha aandike majina ya visima kwa mpangilio ule ule bibi atakaoutaja.