Programu ya Muziki Inapoomba Ruhusa ya Kutoka

Askari alindaye lango la kambi hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kwamba kila aingiaye sharti aulizwe jina lake na shughuli iliyomleta. Lakini zamu iliyo kamili humwuliza pia yule atokaye: anakwenda wapi, amechukua nini, na nani amempa ruhusa. Kanuni hii ya pili ndiyo isahauliwayo mno katika matumizi ya kompyuta, na mazungumzo ya leo yanahusu mfano wake mmoja ulio mdogo kwa sura lakini wenye uzito kwa watu wa jeshi na wa polisi.

Siku hizi kompyuta zimeenea katika kantini, katika mabweni na katika kota za askari, na moja ya sababu za kupendwa kwake ni kwamba hupiga muziki na kuonyesha sinema. Aghalabu wimbo unaopigwa umekwisha kuhifadhiwa ndani ya diski ya kompyuta hiyo hiyo. Wimbo umo ndani, programu ya kuupiga imo ndani, wala hapana kitu kinachohitajika kutoka nje. Hata hivyo, mara tu programu ifunguliwapo, tangazo hujitokeza kwenye kioo likisema kwamba programu hiyo yaomba kuingia katika intaneti. Mtu akikataa, tangazo huondoka. Akifungua wimbo wa pili, larudi. Wengi huchoshwa na jambo hili, wakabonyeza neno la kukubali ili wapate kusikiliza kwa raha. Hapo lango hufunguliwa, si kwa kuwa mwenye lango ameamua hivyo, bali kwa kuwa ameudhika.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba maombi hayo si yote ya hila. Programu nyingi za muziki hutafuta nje jina la mwimbaji, orodha ya nyimbo na picha ya jalada, ili msikilizaji avione vizuri kwenye kioo. Nyingine huuliza kama pana toleo jipya la programu yenyewe. Kila wimbo ufunguliwapo swali la kwanza laweza kuulizwa tena, na kila programu iwashwapo swali la pili laweza kuulizwa tena. Ndiyo maana tangazo halikomi. Lakini ili programu iulize jina la wimbo, ni lazima imwambie mtu fulani wimbo wenyewe ni upi. Pamoja na swali hilo huenda pia anwani ya mtandao ambamo kompyuta hiyo imo, na saa ambayo swali limeulizwa. Wimbo si siri. Lakini orodha ya maswali ya miezi sita yaliyotoka katika jengo moja humwonyesha aisomaye ni saa ngapi jengo hilo lina watu, na ni siku zipi liko tupu.

Historia ya jambo hili imeandikwa zaidi huko Marekani. Mnamo Novemba 1999, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Richard M. Smith alifichua kwamba programu ya RealJukebox, iliyotengenezwa na kampuni ya RealNetworks na iliyokuwa imeandikishwa na watu wapatao milioni 13.5, ilikuwa ikipeleka habari kwa kampuni hiyo kimya kimya. Ilitaja santuri alizozipiga mtu, idadi ya nyimbo zilizomo katika diski yake, na aina ya muziki aupendao. Pamoja na hayo ilipeleka namba maalumu ya programu yake, nayo namba hiyo iliweza kuunganishwa na jina na anwani alizozitoa mtu alipojiandikisha. Kampuni iliomba radhi, ikatoa masahihisho ya kuondoa namba hiyo. Haikupita miaka mitatu, mnamo Februari 2002, Smith huyo huyo alionyesha kwamba Windows Media Player iliyokuja na Windows XP iliiarifu seva ya Microsoft juu ya kila sinema ya DVD iliyowekwa ndani ya kompyuta, na kwamba iliweka orodha ya sinema hizo katika diski ya mwenye kompyuta bila ya yeye kuelezwa. Microsoft iliibadili taarifa yake ya faragha baada ya kuulizwa na waandishi wa habari.

Hata hivyo kisa kilicho kikubwa kuliko vyote ni kile cha mwaka 2005, nacho chastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kiliwagusa hata wanajeshi.

Katika mwaka huo kampuni ya Sony BMG iliuza santuri za muziki ambazo, zilipowekwa katika kompyuta, zilimtaka mtu atumie programu ya kuchezea iliyokuwa ndani ya santuri yenyewe. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kuzuia nyimbo zisinakiliwe ovyo. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich alitangaza kwamba santuri hizo zilipandikiza ndani ya Windows programu fiche, iliyoficha kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama fulani. Siku chache baadaye alionyesha pia kwamba programu ile ya kuchezea iliita seva ya Sony na kuitajia namba ya albamu iliyokuwa ikipigwa. Mwenye kompyuta alikuwa amenunua muziki kwa fedha zake, kumbe amekaribisha nyumbani mgeni asiyeonekana na mwenye tabia ya kupiga simu nje.

Uovu ulizidi pale ambapo wahalifu walipoingia katika kichaka kilichokwisha kuoteshwa na wengine. Kabla ya mwezi wa Novemba kufika nusu, vilionekana virusi vilivyojipa majina yenye alama ile ile, ili vifichwe na programu ya Sony. Kampuni ilizirudisha santuri hizo mwezi huo huo. Kwa hesabu yake yenyewe zilikuwa zimesambazwa santuri milioni 4.7, na kati ya hizo milioni 2.1 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Swali likabaki: ni kompyuta ngapi zilizoingiwa? Jibu lilitoka katika tabia ile ile ya kupiga simu nje. Kompyuta itakapo kuiita seva yoyote, kwanza huuliza anwani ya seva hiyo kwa seva nyingine zitunzazo majina, na swali hilo huacha alama kwa muda. Mtaalamu Dan Kaminsky alizikagua seva za majina duniani, akakuta alama za programu ya Sony katika seva zaidi ya 568,000. Kati ya mitandao iliyoonekana ilikuwamo ya jeshi na ya serikali. Hapana jasusi aliyeipeleka huko. Ilipelekwa na watumishi waliotaka kusikiliza nyimbo kazini. Na Kaminsky, ambaye hakuwa na ruhusa yoyote katika mitandao hiyo wala hakuiingia, aliweza kuyajua hayo akiwa nje kabisa. Alilolifanya yeye kwa nia njema, mwingine angeweza kulifanya kwa nia mbaya.

Iko na njia nyingine, ambapo lawama si ya programu bali ni ya faili lenyewe. Januari 2005 kampuni ya Panda Software ya Hispania ilionya juu ya faili za sinema zilizotengenezwa kwa hila. Zilipofunguliwa, Windows Media Player iliambiwa kwamba sinema hiyo yahitaji leseni, nayo ikaenda mtandaoni kuitafuta. Huko ilikuta ukurasa wa matapeli uliojaribu kuingiza programu za upelelezi. Kwa hiyo sinema iliyoletwa na rafiki katika diski ndogo ya mfukoni, ikiomba intaneti kabla ya kuonyesha hata picha moja, yafaa kutiliwa shaka.

Basi jambo hili huzuiwaje? Hatua ya kwanza ni kwenda kwenye chanzo, yaani kuiambia programu yenyewe iache kuomba. Katika Windows Media Player hufunguliwa sehemu ya Tools, kisha Options, halafu ukurasa wa Privacy. Humo huondolewa alama katika visanduku vinavyohusu kutafuta habari za nyimbo katika intaneti, kuchukua leseni moja kwa moja, kupeleka namba maalumu ya programu, na kupeleka taarifa za matumizi kwa Microsoft. Katika programu ya VLC, ambayo ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, jambo ni jepesi zaidi, kwani mara ya kwanza ifunguliwapo humwuliza mtu waziwazi kama airuhusu kutafuta habari za nyimbo mtandaoni na kama iulizie matoleo mapya. Aliyekubali kwa haraka aweza kurudi kwenye Tools na Preferences, akaziondoa alama hizo. Uungwana wa kuuliza mara moja na kulishika jibu ndio uliokosekana katika visa vilivyotajwa.

Hatua ya pili ni ya mlinzi wa lango, ambaye katika kompyuta huitwa fayawoli. Hapa pana jambo lisilojulikana na wengi. Fayawoli inayokuja na Windows, isipobadilishwa, huzuia wanaotaka kuingia, lakini huwaacha wanaotoka wapite bila ya kuulizwa. Ili kuizuia programu ya muziki isitoke, ni lazima fundi afungue mipango ya ndani ya fayawoli, aende kwenye orodha ya kanuni za kutoka, aunde kanuni mpya inayoitaja programu hiyo, na achague neno la kuzuia. Kazi hii hutaka mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Na kwa kompyuta ya kazini, mwenye mamlaka hiyo ni ofisa wa mawasiliano, si kila mtu aliyeketi mbele yake.

Ziko fayawoli za aina nyingine ambazo huwauliza na watokao, na mara nyingi ndizo zenye kutoa lile tangazo la kuudhi. Dawa yake ni kisanduku kidogo kilicho chini ya tangazo, cha kuitaka fayawoli ikumbuke jibu. Asiyekitia alama huwa amekataa kwa mara moja tu. Na ikiwa tangazo larudi baada ya wiki kadhaa za ukimya, pengine programu imepata toleo jipya: faili limebadilika, na mlinzi aona sura ngeni yenye jina la zamani. Kuuliza tena katika hali hiyo ni wajibu wake.

Kukata kila kitu nako kuna hasara yake. Toleo la VLC la 3.0.7, lililotolewa Juni 2019, lilisahihisha kasoro 33 za usalama, na aliyezima maulizo ya matoleo mapya hakuarifiwa. Kwa sababu hiyo kompyuta iliyofungiwa huhitaji mtu mwenye zamu ya kuitazama, walau mara moja kwa mwezi, achukue toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe na kuliweka. Programu ambayo haipati matoleo mapya tena yafaa kuondolewa.

Kwa simu za mkononi mambo ni magumu kidogo, kwani simu nyingi za Android hazimwulizi mwenyewe kabla programu haijaingia katika intaneti. Hata hivyo katika mipangilio, kwenye orodha ya programu, mtu aweza kuinyima programu ya muziki ruhusa ya kutumia data wakati haijafunguliwa. Nchini Uganda, ambako tangu Julai 2021 ununuzi wa data hutozwa ushuru wa asilimia 12, askari atakayefanya hivyo ataona pia kwamba kifurushi chake chachelewa kwisha.